Chupa Katika Wimbo wa Baba

King'ora cha mgodi kilipolia saa sita mchana pale Kolwezi, nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Siku za mapumziko baba, fundi wa karakana mgodini, alikaa kibarazani na gitaa pajani, akikaza uzi mnene mpaka ulie sawasawa na king'ora, kisha nyuzi nyingine zikaufuata huo. Hatukuwa na chombo kingine cha kupimia sauti, na baba aliamini kuwa kitu kinachopeleka mji mzima kazini hakiwezi kukosea. Alijua akodi tatu tu, yaani namna tatu za kupanga vidole kwenye nyuzi, lakini alizizungusha hata majirani wakaunguza mboga. Mwimbaji alikuwa mama. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo kidogo, na ilipatana na gitaa lile kama bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Nilipokuwa na miaka tisa alikuja bwana mmoja kutoka Lubumbashi, amevaa abakosti, suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri, na amebeba mashine ya kurekodia nyimbo za redioni. Tulimwita Sitwayeni, yaani raia, kama wanaume wote walivyoitwa enzi zile za Zaire. Alimpenda baba, ila alitaka na akodioni, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani, kwa hiyo jirani yetu Tata Mutombo akaitwa na yake. Wiki nzima mama alikunywa maji ya tangawizi. Mama yake mzazi alikuwa mbali, Kasai, hawakuwa wameonana tangu harusi, na sasa angemsikia binti yake redioni. Sijawahi kumwona ana furaha kiasi kile.

Jumamosi mchana tukakusanyika katika ukumbi wa parokia. Walipoanza tu, akodioni na gitaa vikagombana vibaya, hata mimi mtoto nikakunja uso. Sauti za akodioni zilikuwa zimepangwa kiwandani, na huko kiwandani hakuna aliyewahi kusikia king'ora chetu.

"Sireni haisemake bongo!" baba akang'aka, maana kwake king'ora hakikuwa na uongo.

"Tata, akodeo haigeukake," Sitwayeni akamjibu kwa upole, akigusa utepe wa mashine yake. "Kaza nyuzi. Hii bande inatosha wimbo moya tu."

Baba akakaza. Wimbo ukapanda, na mama alipofika kwenye kiitikio sauti ikamkatikia. Akajaribu tena, ikamkatikia tena. Nilimwangalia baba, nikingoja aseme basi, akodioni itoke, turudi kule chini kwa mama. Baba alikuwa anaitazama mashine. Mama akaokota chupa tupu ya soda na kijiko.

"Tata Ngalula, uimbe tu weye," akamwambia, akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba wao. "Mi nitapiga chupa."

Wimbo ukarekodiwa, na baada ya majuma kadhaa ukapigwa redioni. Watu walijaa uani kwetu. Nilimvuta mama kitenge.

"Mama, sauti yako iko wapi?"

"Haunisikie?" akasema. "Ile chupa njo mi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimnunia baba siku nyingi, na nadhani alijua sababu, maana hakuniuliza.

Siku hizi wimbo ule umo kwenye simu yangu, wajukuu wameniwekea. Vijana wanalisifia gitaa la baba, na kweli ni zuri, naye nimeshamsamehe. Alipewa nafasi moja tu maishani. Simu hiyohiyo imehifadhi sauti za kila mtu, hata ya muuza makaa akiniahidi kwamba atakuja kesho. Juzi mjukuu wangu mdogo, anayeniita Koko kama wajukuu wenzake, aliniuliza huyo mama yangu alikuwa anaimbaje. Nikamwambia ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo kidogo. Akasema, "Munionyeshe basi, Koko." Nikafungua mdomo nimwigize mama, na sauti yake sikuikumbuka.