Landrova ya Ndelilio na Majani ya Eunike

Mmenisumbua tangu mavuno ya kahawa. Kila anayepita hapa anataka habari za Landrova ya Ndelilio, kana kwamba Machame nzima haikuwa na jambo lingine. Na wote mnaulizia gari, hakuna anayemwulizia Eunike. Basi naandika mara moja tu, na naanza na Eunike. Asiyetaka aache hapa hapa.

Eunike alikuwa mke wa Ndelilio, na kihambani kwao, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, walikuwa na ng'ombe mmoja aliyekula kuliko wageni wa harusi. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni, wamefungwa bandani, malisho ndiyo yanayowafuata. Mwanamke hushuka tambarare na mundu, akate majani, afunge mzigo, ajitwike, apande nao mlima. Enzi zile za Mwingereza mwanamume akionekana na majani kichwani, hata watoto wangemtungia wimbo. Eunike alipanda na mizigo ile mpaka shingo ikakataa kugeuka. Ukimwita kwa nyuma, aligeuka mwili mzima kama mlango.

Ndelilio yeye alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Moshi mjini. Mgiriki fulani alipohama shamba lake alimwachia Landrova kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya ghala, kuku wanatagia kwenye kiti. Ikavutwa na lori mpaka kihambani. Siku hiyo Ndelilio akamwambia mkewe mbele ya majirani, "Mama Priska, pumzisha kichwa. Majani yatapanda kwa gari, tena gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne."

Eunike akaamini. Kosa lake ni hilo tu, sijui lingine.

Abasi, fundi wa mjini, alikuja akafungua boneti, akasema rejeta imetoboka, maji hayakai, injini itachemka kabla ya kufika darajani. Itolewe, ikazibwe, mengine baadaye. Ndelilio akamshukuru, akamnywesha chai. Kisha akaenda kutafuta rangi.

Maana rejeta ikizibwa nani ataiona? Rangi ya kijani itaonekana na kila mtu. Jumamosi ikaenda kwa rangi, upande mmoja kwanza, ule wa barabarani. Nyingine ikaenda kwa mabenchi ya nyuma, ya mbao zilizopigwa randa mpaka zikang'aa. Nyingine kwa turubai, nyingine kwa honi ya lori, ya kutisha ng'ombe wa watu. Jumapili kazi ni marufuku, lakini kusifia si kazi, basi wanaume wakitoka kanisani walisimama kulizunguka gari, mikono nyuma, wakitikisa vichwa. Eunike akiulizia majani, anajibiwa bado kidogo. Hiyo bado kidogo imezeesha wanawake wengi hapa kwetu. Akashuka tambarare, akapanda, akashuka.

Sasa sikiliza upuuzi wenyewe. Binti yao Priska, aliyeolewa Uru, alikuwa mjamzito na siku zimekaribia. Eunike alikuwa akijaza kibuyu mafuta ya maziwa kwa ajili ya mtori, ile supu nzito ya ndizi anayopewa mzazi. Kwetu mzazi asiyekula mtori wenye mafuta huhesabiwa kuwa hana mama. Jumamosi moja springi zikalia, grisi imekwisha, na Ndelilio akaona uvivu kwenda mjini. Akaingia ndani akachukua kibuyu.

Eunike aliporudi na mzigo alikuta mbwa wa kijiji kizima chini ya Landrova, wanalamba springi. Ndelilio anawafukuza kwa fimbo upande huu, wanaingia upande ule. Kibuyu kimelala kando ya tairi, kitupu.

Akatua mzigo. Akafikiri: mafuta yalitoka kwenye maziwa, maziwa kwenye majani, majani kichwani pake. Kumbe muda wote ule alikuwa amelibeba gari.

Tangu hapo hakusema naye neno wala hakumpikia. Ndelilio akajichomea ndizi mwenyewe, mbichi upande mmoja, mkaa upande wa pili. Alipochoka akamtuma kaka yake Ebenezeri na isale. Ndilo lile jani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Mkosaji akilituma kwa mkono wa mtu mzima, aliyekosewa hana njia, lazima asamehe. Ndelilio alilijua hilo. Ndiyo maana hakuleta mafuta, akaleta jani.

Ebenezeri alilitoa kwa mikono miwili, akamtaja shetani, akataja miaka ya ndoa. Eunike akalipokea.

"Shemeji, Baba Priska nimemsamehe. Jani halikataliwi."

Ndelilio, aliyejibanza nyuma ya mlango, akashusha pumzi.

"Lakini gari halijatuma jani."

"Sasa gari lifanye nini, shemeji?"

"Libebe majani. Na mpaka litakapobeba, mwenye gari atabeba."

Ebenezeri alicheka mpaka akaona anacheka peke yake. Akasema mila haisemi hivyo. Eunike akamwuliza ni mila ipi inayopaka springi mafuta ya mzazi. Ebenezeri akamaliza chai, akatafuta kofia yake.

Jumamosi Ndelilio akashuka tambarare. Alitaka kubeba begani, mzigo ukaporomoka, ukaishia kichwani. Wakapita mbele ya kanisa, wakapita dukani, Eunike nyuma yake na mundu tu. Wanawake waliotoka sokoni wakampisha Ndelilio njia kama mangi, chifu wetu. Mmoja akainama mbele yake kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, Mama Priska."

Ndelilio akaongeza mwendo.

Jumamosi iliyofuata akabeba tena. Haikufika ya tatu, rejeta ilikuwa mapajani mwake kwenye lori, inapelekwa kwa Abasi kuzibwa. Mabenchi yaling'olewa kupisha majani. Landrova ikapanda na majani, rangi upande mmoja tu. Priska alipojifungua kibuyu kilikuwa kimejazwa upya nusu tu, na Eunike alikipeleka Uru hivyo hivyo, amekaa mbele, amekipakata, hamsemeshi dereva.

Haya, mmepata mlichotaka. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Niandikie, kwenu majani alibeba nani? Taja jina lake la kuzaliwa na la ukoo, usiniandikie mama fulani. Na herufi ziwe kubwa, macho yangu si ya juzi.