Mbunge Asiye na Msafara

Nina hasira na nafsi yangu, na zaidi na wanasiasa wa kwetu Wajir walionizoesha kwamba mbunge hatembei bila msafara wa magari. Jumamosi, hapa ughaibuni Edmonton, mzee mmoja alibisha hodi peke yake, buti zimelowa theluji.

“Mimi ndiye mbunge wako,” alisema.

“Wallahi, mbunge gani huja kwa miguu? Tapeli, toka!” Nikambamizia mlango.

“Warya, wewe mwanamume, hata tapeli hupewa chai!” mke wangu alifoka.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mbunge kuomba msaada, kwani viza ya mama yangu, mgonjwa huko kwetu Griftu, ilikuwa imekwama. Nikabisha. Aliyefungua alikuwa mzee yule yule.

“Karibu ndani,” alisema. “Hapa hatubamizi mlango.”