Siku Koti la Baba Lilipocheza

Harufu ya vumbi lililokanyagwa na ng'ombe wengi hunisimamisha njiani mpaka leo. Hunirudisha nyumbani kwetu Suna, miaka ile ya tisini, wiki tuliyomzika Baba.

Niwaambie ukweli, wenzangu, Baba ndani ya jeneza hakunitisha. Aliyenitisha ni Mama. Hakulia. Alikaa tu mkekani, macho makavu kama ya samaki wa kuanikwa, huku mdogo wangu Ouma akivuta ziwa lisilotoa kitu. Uji tulimpa, akautema. Kilio chake kilizidi kuwa chembamba, na wamama walianza kutazamana.

Ikafika siku ya tero buru, ile desturi yetu ya kufukuza kifo bomani: wanaume huswaga ng'ombe mpaka mpakani, wakiimba na kupunga fimbo, kisha hurudi mbio. Mama alikuwa mtu wa kanisa la Sabato. Kucheza ngoma kwake kulikuwa dhambi. Lakini Shangazi Akeyo, dada yake Baba aliyetoka Kisegi, alimsimamia kichwani na koti la marehemu mkononi, kwani siku hiyo mjane huvaa nguo za mumewe na kucheza.

"Vaa, Mama Atieno. Ama miguu yako nayo ni ya Sabato, haifanyi kazi?"

Watu wa kanisa waliguna.

"Mtoto anaisha ukimwangalia," Shangazi akasema, sasa kwa upole. "Simama tu, mama. Simama."

Mimi, huyo Atieno, nilienda nyuma ya jikoni kuosha kikombe cha Ouma. Niliporudi, ng'ombe walikuwa wanaingia na vumbi limefunika boma lote. Ndani ya vumbi lile nikamwona Baba! Koti lake la kahawia. Kofia yake. Bega la kushoto limeshuka, mguu unaburuta kidogo, vile ulivyoburuta tangu aanguke na baiskeli. Kikombe kikaniponyoka.

"Baba amerudi!"

Akageuka. Uso ulikuwa wa Mama.

Orutu, fidla yetu ya kamba moja, ilikuwa inalia, naye Mama alicheza ule mwendo wa Baba polepole: hatua, pumzi, hatua, mabega yakitetemeka.

"Ni yeye kabisa!" mzee mmoja akapaza sauti. "Hivyo ndivyo alivyoingia sokoni, utadhani soko ni lake!"

Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, na kicheko kikapasuka katikati, kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. Akaanguka chini na koti lake, akanyoosha mikono aletewe Ouma. Ouma akavuta, akapaliwa. Maziwa yalimchuruzika mpaka shingoni.

Nilimnunia Mama kwa muda mrefu. Nilidhani alikuwa amemwita Baba, na Baba akakataa kuja. Ni ukubwani nilipoelewa kwamba hakuwa akimwita. Alikuwa akimsindikiza, kwa mwendo wa Baba mwenyewe, mpaka pale alipoweza kumwacha aende.