Mavi ya Farasi Juu ya Chemchemi Yetu

Mimi nimezaliwa upande wa Bungoma, nikaolewa huku Kitale, na mavi hayajawahi kunitisha. Ya ng'ombe nimeyashika kwa mikono tangu nikiwa msichana, nikipaka sakafu ya nyumba ya mama. Lakini ya farasi yalinishinda.

Shamba lililo juu ya chemchemi yetu lilichukuliwa na bwana mmoja anayefuga farasi. Jina lake nalijua, la baba yake pia, hata majina ya hao farasi. Siandiki hapa. Kila asubuhi mtu wake wa kazi alisukuma wilbaro ya mavi akamwaga pale ukingoni, juu ya maji. Mvua iliponyesha, yote yakateremka. Nikainama kuteka, nikaona maji ya kijani, povu juu, vipande vya nyasi vinaelea. Watoto walikuwa wameyanywa jana yake. Nikatapika hapo hapo.

Nikapanda juu na jagi limejaa maji hayo.

"Kukhu, si ni nyasi tu?" akasema mtu wa wilbaro. Ni wa kwetu, ndiyo maana akaniita nyanya kwa lugha yetu. "Farasi hali nyama."

"Basi kunywa, mjukuu wangu."

Akarudi nyuma. "Ah, mimi nimeshiba bana."

Sisi wamama tukasema tupunguze lile rundo wenyewe. Jirani yangu akasema mavi ni mavi, tupake nyumba. Kumbe! Ya ng'ombe hushika; haya yalipokauka yakapukutika kama pumba. Nzi wakajaa. Mume wa jirani alikula ugali amesimama mlangoni, anatema mate nje, anauliza, "Ati hii ni nyumba ama ni zizi?" Tukakwangua yote kwa jembe.

Nikapanda tena na jagi langu, safari hii kwa mwenye farasi mwenyewe, nikamwambia achimbe shimo mbali, upande wa chini wa chemchemi, mavi yafunikwe kwa majani ya migomba yaoze.

"Mama, hiyo ni kazi nyingi."

"Kuharisha nako ni kazi."

Nikamsogezea jagi. Akaziba pua. Mwenye farasi anaziba pua kwa mavi ya farasi wake! Kesho yake shimo likachimbwa, na farasi wakawekewa ua wasikanyage ukingo.

Sasa mtu wake huyageuza kwa uma wa shamba mpaka yanakuwa udongo mweusi, hayanuki, nasi tunabeba kwenda kwa sukuma wiki. Hayo nakubali ni mazuri. Maji yalichukua muda, lakini yalirudi kuwa meupe. Binti yangu alipokuja kutoka Kanduyi alikunywa vikombe viwili, akasema matamu.

"Na wewe, mama?"

Nikamwambia mimi nakunywa ya mvua, ya paa. Watoto wanywe yale, ni safi, nimeona. Koo langu ndilo limekataa.