Jina la Mkuu wa Kijiji

Mimi ni mtoto wa pili wa kiume kwa mama yangu, na kwetu Embu hilo lina maana yake. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Wa pili hupewa jina la baba ya mama, na tangu siku hiyo mama humwita mwanawe "baba". Nilikua nikisikia akina mama wakiwaita wavulana wenzangu, makamasi yakiwatiririka, "Baba, njoo ule," "Baba, mbuzi wameingia kwa mahindi," nao wakiitika kwa maringo kama wenye boma. Mama yangu aliniita kwa jina langu, basi. Na jina langu halikuwa la baba yake. Lilikuwa la mkuu wa kijiji.

Kijiji chenyewe kilikuwa kile cha Hali ya Hatari, miaka ya vita vya msituni dhidi ya Wazungu. Watu walitolewa mashambani mwao, nyumba zao zikachomwa, wakasongamanishwa mahali pamoja palipozungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha, na lango moja tu lililolindwa na homgadi, wenzetu walioshika bunduki za serikali. Humo ndimo nilimozaliwa. Nakumbuka miaka ya mwisho tu: mapaa ya nyasi yaliyokaribiana hata moshi wa jirani ukawa wako, filimbi ya kuwatoa akina mama kwenda shambani na filimbi ya kuwarudisha. Namkumbuka pia mkuu wa kijiji, na koti lake la kaki. Akinikuta langoni aliniita "wajina", akanivunjia kipande cha sukari guru. Nilikila. Nani angekataa sukari guru?

Babu yangu, baba ya mama, sikumwona kamwe. Alikuwa mtu wa huko chini, upande wa Kiritiri, kwenye jua kali na mbuzi, na kazi yake ilikuwa mizinga ya nyuki. Mama alikuwa mtoto wake wa pekee. Nyanya alikufa mapema. Mama alipoolewa huku juu kwenye miteremko, babu alimpa mzinga mmoja wa gogo uwe ukumbusho. Siku ya kuchomewa nyumba mama aliuokoa huo akaacha vyungu. Ulikuwa na alama ya babu, imechongwa ubavuni: mistari miwili iliyokutana kichwani, na mmoja mfupi chini yake. Kila mwenye mizinga alikuwa na alama ya nyumba yake, na mwingine hakuigusa. Alama hiyo humwendea mwana, na kama hakuna mwana, humwendea mjukuu aliyebeba jina. Yaani mimi. Yaani ingekuwa mimi.

Siku moja babu alipanda kuja kuuza asali, akakuta Bwana DO, Mzungu wa wilaya, ana baraza. Watu waliambiwa waongeze kina cha handaki. Mama alikuwa ameketi mbele, ana mimba yangu. Babu akasimama, mgeni ambaye hata hakuulizwa, akasema, "Mtu huchimba shimo la kuzika maiti ama la kutegea mnyama. Sisi ni gani kati ya hao?" Watu kadhaa wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alishtakiwa Embu kwa kosa la kuchochea umma, mkuu wa kijiji akasimama kutoa ushahidi, babu akafungwa, kisha akapelekwa kizuizini tusikokujua.

Nilipozaliwa, homgadi waliwauliza wazazi langoni mtoto ameitwa nani. Waliuliza kila mtu, na kila mtu alijua kwa nini wanauliza: aliyempa mtoto jina la mfungwa alihesabiwa upande wake. Baba yangu akawajibu kwamba mimi ni wajina wa mkuu. Tangu hapo nyumba yetu haikupekuliwa tena. Nimemlaumu baba kwa jambo hilo na kumsamehe mara nyingi, inategemea nimeamkaje.

Hali ya Hatari ikaisha. Waliozuiliwa wakarudi mmoja mmoja, wengine bila meno, wengine bila maneno. Babu hakurudi. Ndipo ukaanza mnong'ono wa gunia. Miaka ile kulikuwa na watu waliofunikwa gunia tangu kichwani, matundu ya macho tu, wakapitishwa mbele ya wenzao wawachongee kwa serikali. Gunia likitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Basi watu wakasema yule mzee hakurudi kwa sababu aligeuka gunia, akapewa shamba mbali. Mama aliyasikia mtoni, akayasikia sokoni, akayasikia hata kwa wanawake walioshika Biblia mkononi. Hakuwajibu. Angejibu nini, na yeye mwenyewe hakujua?

Nilikuwa nimeshapita umri wa kuitwa kijana, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kumkataa, aliponiambia siku moja tukimenya mbaazi uani, "Wewe unazunguka kila siku na gari la vitabu. Nitafutie huyo mtu. Sitaki kitu kingine. Nataka kujua tu kama alikuwa gunia."

Alisema "huyo mtu". Hakusema "baba yangu". Nilikwenda nalo hilo kama jiwe ndani ya kiatu.

Kazi yangu ilikuwa kusambaza vitabu vya shule, Embu hadi Meru hadi Maua, na hata bila kazi hiyo mimi sikai mahali pamoja. Mke wangu husema hata usingizini nasafiri. Nilianzia mahakamani Embu. Karani akaniambia karatasi za zamani hivyo hazipo, labda nijaribu Nairobi. Nairobi wakaniambia labda nijaribu Embu. Nikatoka nikiwa na hasira ya kuvunja kitu, ila hapakuwa na cha kuvunja isipokuwa gari langu mwenyewe.

Kisha mzee mmoja aliyewahi kuzuiliwa akaniambia amesikia kuna Mmbeere, mtu wa kwao Kiritiri, aliyebaki upande wa Kiirua baada ya kazi ya barabara ya wafungwa. Nilikimbia Kiirua hata nikasahau kushusha vitabu vya watu njiani. Mmbeere mwenyewe alikuwa Mkamba, fundi seremala, hajafungwa maishani mwake na hakupenda kuulizwa. Lakini alikuwa mtu mwema, akanikaribisha viazi, na tukila akasema, "Kama ni Mmbeere wa asali unatafuta, enda Maua. Kuna Mwislamu mmoja ako na duka na malori. Hao walikuwa wananunua asali ya watu wa chini kitambo."

Nikaenda Maua. Yule Mwislamu nilimkuta mbele ya duka lake, akipigia kelele vijana wa pikapu wafunge mabunda ya miraa vizuri. Nikamsalimu, nikamweleza. Alifikiri kidogo huku akiendelea kuwatazama vijana wake.

"Marehemu babangu alikuwa anachukua asali kwa mzee mmoja alitoka Embu," akasema. "Asali yake haikuwa inanuka moshi. Lakini huyo mzee alikuwa hapendi stori, wallahi. Alikuwa analeta, anaenda. Teremka hii barabara mpaka shule ya mwisho, halafu uliza."

Sikuhitaji kuuliza. Karibu na shule hiyo, huko chini kwenye joto, kulikuwa na mgunga mkubwa wenye mizinga, nami nilikuwa na tabia ya miaka mingi ya kukagua kila mzinga ninaopita. Nikasimamisha gari. Nikasogea hadi chini ya mti, nikainua uso. Mistari miwili iliyokutana kichwani, na mmoja mfupi chini yake. Nikashika shina.

"Wewe! Unaangalia nini huko juu? Hiyo kitu iko na wenyewe!"

Nilijua kosa langu palepale. Kwa wenye nyuki, anayesimama chini ya mzinga wa mwenziwe akiukodolea macho ni mwizi anayepima kazi ya kesho. Mwanamke alikuwa anakuja na panga, na hakulibeba kwa ajili ya kukata kuni.

"Pole, mama. Nauliza tu hiyo alama ni ya nani."

"Ya baba yangu. Na wewe ni nani?"

Nikamwambia. Kwamba baba ya mama yangu alitoka Kiritiri, kwamba alikuwa na alama hiyo, kwamba alifungwa wakati wa Hatari. Panga likashuka. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani, nikamtajia, akaketi juu ya jiwe.

"Huyo ni dada yangu mkubwa," akasema. "Baba alikuwa anamtaja." Akanipima kuanzia mvi hadi viatu. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo kwangu kwa umri. "Kwa hivyo mimi ni mama yako mdogo. Kuja ukunywe chai, mtoto yangu."

Nilicheka, kisha nikagundua nalia.

Tulipofika kwake akaita kuelekea nyuma ya nyumba, "Baba, leta kiti!" Nakiri nilitaka kuitika. Akatokea mwanamume mwenye ndevu, kiti mkononi, akanisalimu kwa heshima. Alikuwa mwanawe wa pili. Nilimwonea wivu, na siwezi kulipamba jambo hilo. Mtu wa watu ananiletea kiti, nami namtazama kama aliyeniibia.

Chai ilipomiminwa nikauliza lile nililotumwa. Nililiuliza vibaya, kwa pupa, bila kuzunguka.

"Gunia?" Mama mdogo alikasirika. "Baba yangu hakuwahi kulala na mgongo. Mgongo yake iliharibiwa. Walikuwa wanataka awaambie nani walicheka siku ile ya baraza. Hakusema. Alimaliza kifungo yake yote, na hakusema."

Niliweka kikombe chini. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliocheka. Alishawahi kuniambia hivyo, kwa aibu. Nilikuwa nimepata nilichotumwa. Ningeaga wakati huo nikaenda zangu. Lakini mimi si mtu wa kuacha kitu kikiwa kimetulia.

"Basi mbona hakurudi?"

"Alirudi." Akatazama kikombe chake. "Alifika mpaka soko ya Kiritiri. Alikuwa amenunua kitambaa ya kubeba mtoto, kwa sababu aliacha dada yangu na mimba. Akakutana na mtu wa rika yake. Akauliza, msichana yangu ako aje? Akaambiwa ako mzima, ako na vijana wawili. Akauliza, huyo wa pili anaitwa nani?" Akaniuliza mimi, polepole, "Wewe ni wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na unaitwa nani?"

Nikalitaja jina langu. Sijawahi kulisikia likiwa baya hivyo kinywani mwangu.

"Alisema, 'Wamenitoa,'" akasema mama mdogo. "Hiyo tu. Akaomba maji, akakunywa, akarudi na njia ile alikuja nayo. Hiyo kitambaa ndiyo mimi nilibebwa nayo."

Alinionyesha kaburi lake nyuma ya zizi, na nilisimama pale nimekasirika. Mzee aliyemuuliza DO swali mbele ya bunduki alishindwa kupanda mlima akamuulize binti yake? Lakini najua kwetu. Baba haendi kwa mkwe kudai jina. Jina unapewa au unanyimwa, na ukinyimwa umeambiwa kila kitu. Tena hakunyimwa tu. Mahali pake paliwekwa mtu aliyetoa ushahidi wa kumfunga. Labda na mimi ningeomba maji nikarudi.

Njia nzima ya kurudi Embu nilikuwa natunga uongo. Nilisimamisha gari bila sababu, nikashuka, nikapanda tena. Mama aliuliza jambo moja, nikajiambia, na jibu ninalo, tena zuri. Kuna haja gani ya kumwambia kwamba ni sisi tuliomfanya ageuke njiani? Kwamba ni mimi, nikiwa mgongoni mwake, nisiyejua hata kuketi?

Nilimkuta uani. Nikampa kibuyu cha asali kilichotoka kwa mdogo wake, nikamwambia kwamba ana mdogo wake, na kwamba baba yake hakuwa gunia. Nikamwambia habari za mgongo, na za wale waliocheka. Alifumba macho muda mrefu. Nilidhani amemaliza.

"Na mbona hakuja?"

"Aliugua."

"Wewe tangu utotoni ukidanganya unakuna sikio."

Mkono wangu ulikuwa sikioni kweli. Nikamwambia yote: soko la Kiritiri, kitambaa, swali, jina. Niliyasema haraka haraka nikitazama chini, nikingoja kilio. Hakulia. Alifungua kile kibuyu, akachovya kidole, akaonja.

"Ulipokuwa mchanga nilikuwa nakuita baba," akasema. "Nikifunga mlango, nikikunyonyesha. Ulipoanza kuiga maneno nikaacha, maana ungeenda kulisema langoni. Halafu handaki likafukiwa, nikasema sasa nitamwita. Ndipo watu wakaanza hayo ya gunia. Nikasema, mtoto wangu simwiti hivyo mpaka nijue ninamwita nani."

Nilibeba viti tukaingia ndani.

Asubuhi yake nilikuwa naosha gari karibu na barabara, majirani wakipita na kahawa yao kwenda kiwandani. Mama akatoka mlango wa jikoni, akashika mwimo, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Baba! Uji unapoa!"

Jirani mmoja aligeuka kutazama ni mtoto gani anayeitwa. Nikaweka ndoo chini, nikaitika, nikaenda.