Sufi ya Mto wa Bibi

Hasira hizi nnazo mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nshazeeka, nisamehe. Kusamehe nshasamehe zamani. Hasira ni kitu chengine.

Nilimaliza skuli miaka michache baada ya Mapinduzi, nina miaka kumi na tisa. Zama hizo kazi hutafuti mwenyewe, unapangiwa. Unajaza fomu, unarudi nyumbani, unasubiri barua ikwambie utakuwa nani. Mimi nilijaza ualimu. Si kwamba nikiupenda. Wenzangu wote walijaza ualimu na mimi sikuwa na jengine la kuandika. Wakapata barua zao mmoja mmoja, wakaenda zao chuoni. Yangu haikuja.

Nilikuwa nikikaa na bibi yangu, mzaa mama, sisi wawili tu, ghorofani katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe. Na majirani wale, Mungu awape wanachostahiki! Nikimwamkia mtu shikamoo, ananijibu, "Marahaba. Ehe, na barua?" Hajaniuliza hata hali! Ukisikika mchele umeletwa dukani, wanaitana madirishani: "Mtumeni yule mjukuu wa Bi mkubwa, yeye yupo tu."

Yupo tu! Bora wangenitukana.

Kwenye foleni ya mchele watu walikuwa wakiweka mawe kushika nafasi, kisha wanakwenda kukaa kivulini. Mimi nilikuwa na jiwe langu, jeupe, lina ncha, mtaa mzima unalijua na hapana aliyethubutu kulisogeza. Nikilitazama, donge linanipanda. Jiwe lina pahala pake, mie sina.

La kuniudhi zaidi ni kuwa nilikuwa nikifurahi. Asubuhi nikiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, muuza mofa akinitilia mikate miwili ya moto, mpaka nikivute juu kichochoro kizima kinanukia. Alasiri tukipanda darini, mimi na bibi, na embe mbichi, chumvi na pilipili, tukila mpaka meno yanaingia ganzi. Magharibi inapokaribia tunatunga asumini. Siku nyengine bibi akitoa barua za zamani za ndugu zake wa Bwejuu, akanisomea. Zilikuwa za Kiswahili chetu hichi hichi, ila kwa herufi za Kiarabu, na hizo bibi akizisoma kama anayekunywa maji. Herufi za skuli hakujua hata moja. Tukicheka sisi! Kisha usiku unanikaba: msichana mzima na akili zangu, furaha yangu ni embe?

Mara mbili nilikwenda ofisini kuuliza. Karani hakuinua hata uso. "Barua zote zishatoka. Kaa nyumbani, subiri." Nikarudi nimevimba. Nikamwambia bibi watu hawa wananifanyia kusudi, wananionea. Bibi akasema, "Subira, mwanangu," akaendelea kumenya embe.

Mwezi wa Shaabani bibi akaenda Bwejuu kwenye hitima, siku tatu. Nyumbani kwetu, kabla ya Ramadhani, mito ya kulalia hufumuliwa, sufi ikaanikwa na kuchambuliwa, maana kwa mwaka mzima inakuwa ishagandamana. Kazi hiyo bibi akiifanya mwenyewe. Mimi, kwa kuwa nipo tu, nikasema nimfanyie mzee wangu la kheri. Nikafumua mto wangu. Nikafumua na wake. Mkono ukagusa karatasi.

Bahasha ya kaki, ina muhuri wa serikali, ina jina langu. Haijafunguliwa. Nikaifungua huku sufi inanipeperukia usoni. Nimekubaliwa ualimu, niripoti chuoni ndani ya wiki mbili. Ilikuwa imeandikwa miezi minane nyuma.

Bibi aliporudi nikamwamkia, maana hasira haziondoi adabu, nikampokea kikapu chake, kisha nikaitupa ile barua mkekani mbele yake.

"Bibi, hii nini?"

"Umefumua mto wangu?"

"Nakuuliza hii nini!" Sikupata kumpandishia sauti tangu kuzaliwa kwangu.

"Karatasi ya serikali. Ina muhuri."

"Ya ualimu, bibi! Ya ualimu! Miezi minane nasimangwa na mtaa mzima, na wewe unanambia subira, kumbe umeilalia!"

"Ntajuaje mie ya ualimu? Mie nilijua muhuri." Alikuwa hajavua hata buibui. "Mjomba wako aliitwa kwa bahasha kama hii. Rangi hii, muhuri huu. Nikaipokea mimi mlangoni, nikampa kwa mkono wangu. Nikamwambia nenda, mwanangu, usiwakawize."

Nilijua mjomba, mwanawe pekee wa kiume, aliitwa mwaka ule wa Mapinduzi na hakurudi. Sikujua kama aliitwa kwa barua. Sikujua nani alimpa.

"Ungenipa nikaisoma," nikasema.

"Na ingekuwa ya kuitwa, usingekwenda?"

"Ningekwenda."

"Basi."

Basi! Maisha yangu, neno moja, basi. Nililia kwa ghadhabu usiku kucha, na alfajiri nikaichukua barua nikaenda ofisini bila ya kumuaga.

Karani yule yule akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Nafasi yangu kapewa mwengine. "Na ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Nilikuwepo tu," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipojua kuwa ualimu nnautaka, nshaunyimwa. Nikatoka. Njia nzima nikipanga maneno. Nitamwambia amenifungia mlango kwa mikono yake. Nitamwambia aliyekufa ni mwanawe, si mimi, na mimi nina haki yangu ya kuishi. Niliyapanga vizuri, moja baada ya moja, makali, na yote ya kweli.

Kichochoroni jirani akanidaka. "Bibi yako ana nini leo? Tangu alfajiri yupo dirishani. Tumempelekea chai, hakunywa."

Sikuwahi kugonga mlango. Akanifungulia mwenyewe, akanishika mikono, mabega, uso, kama anayetafuta palipoumia.

"Umerudi," akasema.

"Wamenikatalia, bibi. Nafasi yangu kapewa mwengine."

"Umerudi," akasema tena. Akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

Nikakaa naye. Yale maneno yangu sikumwambia hata moja, wala siku ile wala mpaka tulipomzika. Ninayo yote.