Goti la Mwanasiti

Mwanasiti Shehe alitoka Ushongo akiwa na miaka kumi na minne. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni mjini Tanga, Sabiri, alimwona akiwaacha wavulana nyuma kwenye mashindano ya kata, akaja nyumbani kumwahidi mama yake kitanda, chakula na sare. Mama alikubali siku hiyohiyo.

Alipofika kidato cha tatu alikuwa anakimbia mita mia nane, anaruka juu, na ndiye mfungaji wa timu ya netiboli. Jumamosi, wenzake wakifua, yeye alikwenda kiwanja cha mtaani kule Usagara kuwafundisha netiboli watoto wa kike ambao shuleni kwao hapakuwa na hata mpira. Wakimaliza aliwaongoza kufagia ua wa zahanati na kuwachotea maji wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Siti, naye alilipenda jina hilo kuliko medali zake. Darasani alikuwa anajitahidi, ila Sabiri alizoea kumtoa kwenye kipindi cha hesabu aende mazoezini.

Siku ya nusu fainali ya netiboli kwenye mashindano ya shule ya mkoa alitua vibaya, akasikia kitu kinakatika ndani ya goti. Daktari alilibonyezabonyeza, akaandika cheti: asikimbie kwa wiki sita. Mwanasiti akampelekea Sabiri.

"Shikamoo, mwalimu."

Sabiri hakuitikia. Alisoma cheti, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Kesho unakimbia mita mia nane."

"Mwalimu, daktari kasema..."

"Daktari ndiye aliyekuleta Tanga? Tumebakiza pointi nane tuchukue kikombe. Ukitaka kupumzika, kapumzikie kwenu, na usirudi."

Kesho yake Mwanasiti alilifunga goti bendeji mbili, akakimbia. Mzunguko wa kwanza alivumilia. Wa pili alikuwa analia kwa sauti, na jukwaani watu wakazidi kushangilia, wakidhani ni hamu ya ushindi. Alifika wa kwanza, akaanguka ng'ambo ya mstari, mguu umepinda upande usio wake. Sabiri alimpita mbio, akaenda meza ya waamuzi kuhakikisha pointi zimeandikwa.

Mwanasiti alipasuliwa mara mbili. Watoto wa Usagara walikuja wodini na machungwa. Kutoka shuleni hakuja mtu. Mama alipokwenda kuuliza, Sabiri alieleza mbele ya wakubwa wake kwamba binti alificha maumivu kwa uchu wa sifa. Cheti? Hajapata kukiona. Mwezi huohuo akatangazwa mwalimu bora wa michezo.

Mwanasiti aliporudi bwenini na magongo yake, alikuta kitandani kwake shuka za msichana mwingine, mrusha mkuki.

"Kile ni kitanda cha wanamichezo," matroni alimwambia, akimwonyesha godoro lake lililokunjwa mlangoni.

Akarudi Ushongo. Mwaka uliofuata, Mwanasiti akiwa uani na mama yake wakipara samaki, Sabiri akabisha hodi. Hakumjia yeye. Alimtaka mdogo wake, Semeni, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na ambaye kila mtu kijijini alijua mbio zake.

Mwanasiti alisimama kwa kushika ukuta.

"Mama, asiende. Huyu ndiye aliyeniua mguu."

Sabiri akacheka kidogo. "Siku hizi hata shikamoo hamna?"

Mama alitazama samaki kwenye beseni. "Akibaki hapa atapata nini, mwanangu?"

"Mimi nitamfundisha. Nimefundisha wengi."

"Wewe?" Semeni alikuwa amesimama mlangoni, tayari amevaa viatu. "Utanifundisha kuchechemea? Umekosa wewe, sasa unataka nami nikose. Una wivu tu, dada."

Hakuna aliyemkaripia. Sabiri alitazama pembeni kwa adabu, kama mgeni aliyekuta ugomvi wa wenyewe. Mama akaingia ndani, akakusanya nguo za Semeni, akazifunga kwenye kanga.

Pikipiki iliyomleta Sabiri ilipoondoka nao, Semeni alipunga mkono kwa majirani. Mama alirudi kwenye beseni, akashika kisu, akakiweka tena chini. Mwanasiti alikichukua kisu, akajishusha taratibu kwenye kigoda na mguu mmoja umenyooka, akaendelea kupara. Samaki walikuwa wengi bado, na jua lilikuwa kali.